Mtoto Aliyenitazama kwa Adabu

Ban Sop Khan, kando ya mto Ou
4 Februari 1999

Dada Hanneke,

Natumai barua hii inakukuta posta ya Vientiane, kwenye dirisha la barua za wasafiri kama ulivyoniandikia. Ile karatasi yako nimeibandika ukutani juu ya ndoo ya mchele: Vientiane mpaka tarehe kumi na nne, Bangkok mpaka mwanzo wa Machi, Penang siku chache, halafu Singapuri, halafu ndege ya kwenu tarehe ishirini Machi. Kila nikichota mchele nakuona ulipo.

Sisi hatujambo. Nyumba ya wageni imepoa. Chumba chako, namba tatu, nimekifagia nikakuta kipande cha mshumaa na sindano yenye uzi. Nimekutunzia.

Pole tena kwa yale ya gatini. Nikifumba macho nakuona, begi mgongoni, mwanangu Chura kifuani mwako ukimuaga. Jiwe likakuteleza, ukakaa chini majini puu, naye akazama mpaka kidevuni. Yule nahodha asiye na subira naye akapiga honi. Nikamnyakua mtoto, ukapanda boti umelowa chapachapa. Miezi mitatu chini ya paa moja, halafu hata kuagana hatukuagana vizuri! Kofia yake nyekundu ya sufu sijaiona tangu siku ile. Nadhani maji yameichukua.

Usiwe na wasiwasi, alasiri ile ile nilifanya kinachofanywa. Mtu akishtuka, moja ya roho zake thelathini na mbili hudondoka pale pale. Nilichukua kitunga cha kuchotea uduvi, yai la kuchemsha, wali wa kunata na kishati cha mtoto, nikashuka mtoni. Nikachota mara tatu nikiita, "Njoo, roho ee, usikae majini, huko baridi, nyumbani kuna moto." Nikafunika kitunga kwa kishati, nikapanda ngazi bila kugeuka nyuma. Bibi Onsi, bibi yake mume wangu, akauliza toka mlangoni kama ada ilivyo, "Amekuja?" Nikajibu, "Amekuja!"

Kitunga kilikuwa kizito, dada. Kizito kuliko roho ya mtoto wa miezi saba. Nilifurahi mno.

Mdogo wako,
Latsamy


Vientiane
12 Februari 1999

Mdogo wangu Latsamy,

Makosa yote ya barua hii ni yako. Wewe ndiye mwalimu uliyenifundisha herufi za Kilao kwa kitabu cha darasa la kwanza, mimi nikiwa na miaka ishirini na sita, na Bibi Onsi akicheka mpaka anashika mbavu.

Mji huu hauna haraka. Naamka alfajiri kabla ya jogoo, jambo ambalo unajua si kawaida yangu, natembea kando ya Mekong, nakaa. Nanusa wali wa kunata mahali ambapo hakuna jiko.

Nikusimulie kichekesho. Kwenye basi la kuja huku mama mmoja alisogeza tenga la kuku wake, akanipa nafasi ya watu wawili. Nikasema, "Asante mama, niko peke yangu." Akanitazama kifuani, akasema, "Haya, haya," na tenga hakulirudisha. Nyumba ninayolala wameniletea mto mdogo. Nikamwambia mwenye nyumba sina mtoto. "Najua, mwanangu," akasema, akauacha mto kitandani.

Lazima natembea kama mtu aliyezoea mbeleko. Miezi mitatu ya kukubebea Chura siyo mchezo!

Lile shati langu la buluu sikulipata kabisa. Basi mto umelichukua, libarikiwe huko liliko. Mto wenu unapenda nguo.

Mbusu Chura kwenye nyayo, anajua mwenyewe.

Hanneke


Ban Sop Khan
21 Februari 1999

Dada Hanneke,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti ili Chura asikie. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Nilipofika mstari wa mbeleko akatabasamu, dada, si tabasamu la mtoto. Alitabasamu kama mtu anayekumbuka.

Sikutaka kukwambia, lakini nimwambie nani? Hataki ziwa. Ananywa maji ya wali kwa kikombe, amekishika kwa mikono miwili, akimaliza anakisogeza pembeni taratibu. Akilala anaweka mkono juu ya macho, vile ulivyokuwa ukilala wewe. Asubuhi anaimba kwa puani ule wimbo wako wa kufulia nguo. Miezi saba! Mume wangu Khamsing anasema, "Huyu atakuwa mwalimu mkuu, acheni." Kila mtu anacheka.

Jumatatu walikuja wageni wawili wakatua mabegi yao barazani. Chura akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye begi moja, akapitisha mkono kwenye mkanda wake, akaketi hapo anatazama mto. Nilipomtoa hakulia. Halii siku hizi.

Nimempeleka kliniki. Muuguzi amempima juu mpaka chini, akasema hana ugonjwa, ila amepungua. Wiki iliyopita mbeleko niliifunga mizunguko miwili. Leo imetosha mitatu.

Kinachonitisha ni kitu kidogo, utanicheka. Nikimwogesha, nikimvalisha, ananitazama usoni kwa adabu. Unaelewa? Kama mgeni anayeshukuru. Mtoto wangu mwenyewe.

Atapona, najua. Niandikie.

Latsamy


Bangkok
1 Machi 1999

Latsamy,

Barua yako nimeipokea leo na nakujibu papo hapo, kwa hiyo vumilia herufi.

Huku mbwa wa kichochoroni wananipisha. Mama anayefua nguo alinirudishia furushi langu, juu yake kitambaa kidogo kimekunjwa pembe tatu. Nilimwambia si changu. Akanijibu, "Basi utalowa, shauri yako." Na Ijumaa, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga, mtoto wa mtu akalia mahali fulani nyuma yangu, nikahisi joto. Kutazama, shati langu lina madoa mawili ya maji kifuani. Si maji, Latsamy. Sijawahi kuzaa, unajua. Daktari amenipima na kuniambia uchovu wa safari hufanya mambo ya ajabu, nipumzike.

Nikutajie na hili, kwa kuwa nawe umenitajia lako. Sijisikii vibaya. Kwa mara ya kwanza katika miezi tisa siko peke yangu. Nikitembea kuna uzito mdogo kifuani, pale pale pa mbeleko, nami najikuta naunga mkono chini yake. Kwetu nitarudi kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja. Mara nyingine nafikiri, na uende nami basi, uzito huu, una ubaya gani?

Lakini nimesoma kuhusu ile mbeleko ya mizunguko mitatu.

Muulize Bibi Onsi. Mwambie yote haya. Niandikie Singapuri, Penang nitapita tu.

Hanneke


Ban Sop Khan
10 Machi 1999

Dada Hanneke,

Barua hii nimempa mgeni Mkanada anayeshuka mpaka Bangkok. Ameapa ataituma siku atakayofika. Nimemfungia uzi mweupe mkononi ili asisahau. Ikikufikia kabla ya ndege, tafadhali isome umesimama.

Nilimsomea Bibi Onsi barua yako. Akaweka chini tambuu yake, akamchukua Chura, akakinusa kile kishati alichovaa.

"Latsamy. Siku ile gatini ulimwitia kwa nguo gani?"

"Hiki hiki cha buluu, Bibi."

"Na buluu hii imetoka wapi? Wafumaji wa hapa wote nawajua, hakuna mwenye rangi hii."

Nikainama kuchochea moto.

"Jibu! Au ulimi nao umeanguka mtoni?"

Dada, shati lako halikuchukuliwa na mto. Nililichukua mimi, kwenye kamba, ulipokwenda kuoga. Nikalikata, nikamshonea Chura. Nilikuwa nakuona unakunja ramani kama mtu anayekunja leso, umefika nchi ambazo mimi hata kuzitamka siwezi. Nikasema, mwanangu akivaa jasho la huyu huenda miguu yake ikafika mbali kuliko ya mama yake aliyeishia darasa la nne. Nilitaka kibaba tu cha bahati yako. Nisamehe.

Bibi akajipiga paja. "Mjinga we! Siku ile hakuanguka mmoja, walianguka wawili. Umemwita mwenye shati, na mwenye shati kasikia, kaja. Mwanao kabaki majini hana wa kumwita. Akamwona mtu aliyemzoea anaondoka na boti. Ungekuwa wewe, ungemfuata nani?"

"Nifanyeje, Bibi?"

"Kwanza acha kulia, utakausha maziwa. Mwandikie. Roho changa haijui njia, akiivusha bahari haitarudi, na huyu hapa hatauona mwezi wa tano. Ila nashangaa. Roho ya mtoto haikai kwa mtu hivi hivi, hushika kitu chake. Muulize amebeba nini."

Dada, umebeba nini cha Chura? Hata uzi? Sikulaumu, mwizi hawezi kumlaumu mtu. Kitafute. Chemsha yai, nunua wali, kaa penye maji, elekea kaskazini. Mwite Chura, mwambie mama yake amepika na moto unawaka. Usimbembeleze abaki. Usilie, maana akisikia unalia hataondoka.

Mimi kila mchana nitakuwa gatini na kitunga. Mbavu za mwanangu sasa zinahesabika. Niharakishie, dada yangu.

Latsamy


Singapuri
20 Machi 1999

Mdogo wangu,

Jana na juzi nilikwenda posta, hakuna kitu. Leo nilipita na begi mgongoni nikielekea uwanja wa ndege, nikiwa nimeshakata tamaa, na yule karani akasema, "Wewe tena? Una bahati, imeingia sasa hivi." Bahasha ilikuwa na vumbi jekundu la kwenu. Niliisoma nimesimama.

Nina kofia yake. Haikuchukuliwa na mto. Ilikuwa mfukoni mwangu kabla hata sijashuka ngazi za gatini. Niliitoa kwenye kamba ile ile ulikotoa shati langu. Tulikuwa tunaibiana, Latsamy, huku tunakula kwenye kikapu kimoja cha wali.

Nyuma ya posta kuna mfereji wa saruji unaokwenda baharini. Ndio maji niliyoyapata. Wali nilinunua kwa mama muuza chakula, yai nikamwomba anichemshie, hakuuliza. Nikaweka kofia mapajani nikaelekea kaskazini, kama ulivyoniagiza. Nikaita. Nilisema, "Chura, mama amepika." Uzito ulikuwepo kifuani, mdogo wangu, ulinishika, nilihisi vidole. Nikasema, "Moto unawaka. Bibi anakungoja mlangoni. Nenda." Sikulia. Hilo nataka ulijue. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia njia akasimama, akapunga mkono taratibu, si kwangu, kwa kitu kilichokuwa kinapita juu ya maji. Ilikuwa saa saba na nusu. Kofia ikawa kofia tu.

Nina saa mbili kabla ya ndege na nilikuwa nimepanga kuandika mahali fulani niliyojifunza katika safari yangu, kama wanavyofanya wasafiri wote. Basi nakuandikia wewe. Nilijidai kwamba msafiri mwema haondoki na kitu. Uongo. Kila nyumba iliyonilaza nimeondoka na chake. Nina kisu cha matunda cha bibi mmoja wa Pokhara, nina namna ya kucheka ya msichana wa Mandalay, na wewe nilikubebea mtoto. Nilifikiri pia kwamba mahali nilipopita hapabaki na alama yangu. Sasa sijui nimeacha nini na wapi. Begi langu lina kilo kumi na nne kama siku nilipoanza, ila mwenye kulibeba nahisi amepungua.

Kofia iko ndani ya bahasha hii. Nikifika nitaandika.

Hanneke


Ban Sop Khan
2 Aprili 1999

Dada yangu Hanneke,

Ameniuma! Tarehe ishirini mchana, niko gatini na kitunga, Chura mgongoni. Jua kali, lakini ukapita ubaridi shingoni mwangu kama mtu amefungua dirisha. Mara akaanza kupiga kelele, za kweli, za kutafuta, nikamzungusha mbele, akalishika ziwa akaniuma kwa meno yake mawili mpaka damu. Nikalia kwa furaha. Bibi mlangoni akauliza, "Amekuja?" Chura akajibu mwenyewe kwa kilio, kijiji kizima kimesikia.

Sasa hanitazami kwa adabu hata kidogo. Ananivuta nywele, anatapika begani kwangu, anataka kila kitu kama haki yake. Mbeleko imerudi mizunguko miwili. Kofia imefika, ipo kichwani mwake ninapoandika.

Kishati nilichokishona kwa shati lako nimekifua nikakitundika gatini. Nimeiambia roho yako, nenda, mwenyewe anakungoja. Naamini imeondoka. Wewe unajua njia kuliko sisi sote.

Wote wanakusalimu. Tuandikie ulivyopokelewa.

Latsamy


Zwolle, Uholanzi
24 Aprili 1999

Latsamy,

Nimefurahi. Nasema kweli kwamba nimefurahi, ingawa maneno yanatoka kama ninayasoma.

Nipo kwa mama kwa sasa. Amenipikia vyote nilivyokuwa nikipenda. Nakula, nashukuru, naosha sahani, nakunja shuka asubuhi pembe kwa pembe. Picha za safari zimetoka dukani. Namwona mtu amesimama mbele ya milima, sijui alikuwa anacheka nini. Kazi nimepata. Usingizi ninao. Hakuna kinachoniuma.

Jana mama aliweka kijiko chini. Akasema, "Hanneke, mbona unanishukuru kwa kila kitu? Unanitazama kwa adabu. Kama vile wewe ni mgeni wangu."

Nikamwambia samahani.

Nieleze ukweli, mdogo wangu, usinifiche kwa kunionea huruma. Chumba namba tatu kikoje?

Hanneke


Ban Sop Khan
9 Mei 1999

Kwa Mama Hanneke,

Shikamoo, mama. Hunijui. Mimi ni Latsamy, nina miaka ishirini na moja, nina mtoto mmoja. Barua hii atakusomea mwanao kwa kuwa lugha yetu anaijua. Dada Hanneke, msomee yote, usiruke mstari hata ukiona haya.

Mama, binti yako nimebaki naye. Si mzima, roho yake moja tu katika thelathini na mbili. Nilimwita bila kujua, na nilipomwambia aende hakwenda. Nilimficha Dada Hanneke hilo nikidhani itatosha kutumaini. Wageni wanakikataa chumba namba tatu. Wanafungua mlango, wanasema, "Samahani, kina mtu," wanarudi. Mkeka nauacha umetandikwa sawa, nikirudi una bonde la mtu aliyelala ubavu. Asubuhi naweka yai na wali kizingitini. Havijaliwa, ila yai limemenywa na maganda yamewekwa pembeni taratibu. Chura akipita hapo anainua mikono abebwe.

Hatusumbui. Ni mgeni mzuri. Lakini nimeshawahi kutazamwa na mtoto wangu kwa adabu, mama, na ninajua unavyojisikia mezani. Sitaki hilo limkae mama yeyote.

Bibi Onsi anasema sababu ni nyepesi. Mimi nilimwambia nenda, lakini hakuna aliyemwambia njoo. Roho haiondoki kwa kufukuzwa, huondoka kwa kuitwa, na sauti inayosikika mbali kuliko zote ni ya mama. Yako inajua ramani, si kama ya kwangu. Bahari itavuka.

Kwa hiyo nimefungua mishono yote ya kishati. Vipande vya shati lake vimo humu, nimeviunganisha kwa sindano aliyoiacha mwenyewe. Fanya hivi. Chemsha yai. Pika chochote ambacho nyumbani kwenu ndicho wali. Simama mlangoni mchana kweupe, shati mkononi, na umwite. Usimwite kwa jina la kwenye pasipoti. Mwite lile ulilomwita alipokuwa hajui kutembea. Majirani wakicheka, waache. Mwanao akae ndani, nyuma yako, asiseme kitu.

Leo alfajiri nilikwenda kuweka yai, nikakuta mkeka wa namba tatu umekunjwa, umesimamishwa ukutani kama anavyofanya mtu mwenye safari. Nimembeba Chura tumekaa gatini na barua hii tukingoja boti. Yeye anapunga mkono kabla boti haijaonekana.

Ukiona uzito kwenye shati, usishangae. Ukisikia harufu ya mto ndani ya nyumba, usiogope, usimuulize alikuwa wapi siku zote hizo. Muulize tu tunavyoulizana huku mtu akirudi.

Muulize, umekula?

Mwanao wa mbali,
Latsamy